Mbwa mbele, mtu nyuma

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili tuzungumze habari za mbwa. Usicheke. Bei ya unga ipo, ada za shule zipo, na mambo makubwa ya dunia nayo yapo. Lakini mbwa naye ana historia yake katika nchi hii, na sehemu moja ya historia hiyo iliandikwa ndani ya gari, juu ya kiti cha mbele.

Simama njia panda ya Makambako, pale barabara itokayo Iringa inapogawanyika, moja ikaelekea Mbeya na nyingine ikashika njia ya Njombe hadi Songea. Hapo hupita magari ya kila namna: malori ya mbao, mabasi ya abiria, matangi ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo. Yote hayo yakipita, hakuna anayegeuza shingo. Lakini lipite gari dogo la spoti, lile la milango miwili na viti viwili, paa limekunjwa nyuma, na ndani yake mtu na mbwa wake. Mbwa amekaa kiti cha mbele, masikio yanapepea, anatazama watu kama mkaguzi wa gwaride. Wauza viazi wataacha biashara kwa dakika nzima. Vijana watacheka. Wazee watatikisa kichwa na kunyamaza.

Kicheko kile na ukimya ule ndivyo tunavyotaka kuvieleza leo. Kwa nini jambo moja lichekeshe vijana na kuwachoma wazee? Mbwa ni yule yule, gari ni lile lile. Tofauti ni kumbukumbu.

Tuanze kabla ya gari. Tuchukue Mlangali, katika Wilaya ya Ludewa, nchi ya Wapangwa inayopakana na Wabena na Wakinga. Ni nchi ya milima na baridi, nchi ya mahindi, ngano, maharage na viazi. Mbwa wa huko hakuwa pambo. Alikuwa mlinzi wa shamba dhidi ya nguruwe pori na ngedere, alikuwa msaidizi wa mwindaji, na usiku alikuwa kengele ya nyumba. Bwana wake akisafiri, mbwa alisafiri kwa miguu kama bwana wake. Wote wawili walipanda kilima kile kile, walivuka mto ule ule, na walilala na njaa ile ile. Hapakuwa na swali la nani akae mbele na nani akae nyuma, maana hapakuwa na kiti.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na mtu mwenye udhu hujihadhari naye. Kwa hiyo mbwa hakupewa nafasi ndani ya nyumba, wala hakutarajiwa kuketi na abiria. Hata hivyo dini hiyo hiyo haikumfukuza mbwa duniani. Mnyama aliyefunzwa kuwinda ameruhusiwa, na windo alilolikamata huliwa kwa masharti yake. Na katika habari za wale vijana waliolala pangoni, mbwa wao anatajwa pamoja nao, amenyoosha miguu yake mlangoni. Kila kiumbe na mahali pake.

Tena msidhani kwamba kumpakia mbwa kwenye chombo cha safari ni uvumbuzi wa Mzungu. Mabedui wa Bara Arabu, ambao kutoka pwani za Omani na Ghuba wana udugu wa zamani na watu wetu, wana mbwa mwembamba wa mbio aitwaye saluki. Mwindaji wa jangwani alikuwa na desturi ya kumpandisha saluki juu ya ngamia, ili mchanga wa moto usimwunguze nyayo na ili asichoke kabla paa hajaonekana. Windo likionekana, mbwa hushushwa na kuachiwa. Leo mahali pa ngamia pameshikwa na gari, lakini maana ni ile ile: mbwa alipandishwa kwa sababu ya kazi iliyomngoja mbele ya safari. Likumbukeni neno hilo la kazi, tutalirudia.

Sasa gari likazaliwa, na mbwa hakuchelewa kulipanda. Mwaka 1903 daktari mmoja wa Marekani, Horatio Nelson Jackson, alibishana na watu klabuni mjini San Francisco. Wao walisema gari ni kitu cha kuchezea tu mjini. Yeye akaweka dola 50 kwamba atavuka nchi nzima kwa gari mpaka New York. Akanunua gari aina ya Winton lililokwisha tumika, la viti viwili, wazi, lisilo na paa wala kioo cha mbele, lenye nguvu ya farasi 20. Akamchukua fundi, Sewall Crocker, wakaondoka tarehe 23 Mei. Walipofika jimbo la Idaho walijipatia abiria wa tatu, mbwa aliyeitwa Bud. Vumbi la njia lilimuumiza macho, basi wakamvisha miwani ya kuzuia vumbi, kama ile waliyovaa wao. Tarehe 26 Julai wakaingia New York, siku 63 baada ya kuondoka. Miwani ya Bud imehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington.

Ni hadithi ya kupendeza, na Wamarekani wanaipenda kwa haki. Watu wawili na mbwa mmoja ndani ya gari moja, vumbi moja, miwani ya namna moja. Katika safari ile hapakuwa na mtu aliyetupwa nyuma ili mbwa apate mahali.

Huku kwetu gari liliingia kwa mlango mwingine. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam akitaka kuvuka Afrika kwa gari mpaka upande wa pili, Swakopmund, katika nchi ambayo leo ni Namibia. Alifika tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21! Barabara hazikuwepo, daraja hazikuwepo, na mahali pengi gari lile halikumbeba mtu; watu ndio waliolivuta kwa kamba kwenye matope, mchanga na mito. Vitabu vinamsifu Graetz kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari. Mikono iliyovuta kamba haikuingia katika sifa hiyo.

Hilo si ajabu, maana kabla ya gari kulikuwa na machela. Mkoloni alilala kwenye machela, Waafrika wanne wakaibeba mabegani, wakipokezana, kutoka kituo hata kituo. Kwa hiyo gari lilipofika, halikuanzisha mpangilio mpya wa nani abebe na nani abebwe. Liliukuta mpangilio umekwisha kutengenezwa, likaufungia magurudumu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaitawala Tanganyika. Walowezi katika Nyanda za Juu Kusini hawakuwa wengi kama wa Kenya, lakini walikuwepo: Iringa na Sao Hill, Mufindi kwenye chai, Mbeya kwenye kahawa. Njombe nako, mwaka 1949, ikaanza kampuni ya miwati, na mashamba yake yakatanda juu ya vilima. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyotoka Rhodesia kupitia Mbeya na Iringa kuelekea Dodoma, Arusha na Nairobi, ikakata nchi hii ya baridi. Magari yakaongezeka. Na pamoja na magari, wakaongezeka mbwa wa Kizungu: wa kuwinda ndege, wa kulinda nyumba, na wale wadogo wa kubembelezwa mapajani.

Angalia sasa namna magari ya wakati ule yalivyokuwa. Gari dogo la wazi la miaka ya 1920 na 1930 lilikuwa na viti viwili tu mbele. Nyuma, mahali ambapo leo pana buti, mafundi wa Ulaya walitengeneza kiti cha kukunja. Ukiinua kifuniko, kiti kinatokea, lakini kiko nje kabisa: hakuna paa, hakuna kioo, mvua yote na vumbi lote ni la anayekikalia. Magari mengine yalitiwa bodi ya mbao nyuma kwa ajili ya mizigo. Baadaye zikaja pikapu, zenye chumba kidogo cha mbele na karai la wazi nyuma.

Bwana akisafiri na bibi, mpishi au boi alipanda nyuma na masanduku. Hilo lilichukuliwa kuwa ni kawaida. Bwana akisafiri peke yake na mbwa wake, je? Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Mbwa akakikalia. Mpishi akapanda nyuma vile vile.

Hapo ndipo wazee wanaponyamaza. Mtu aliyepanda nyuma ya pikapu mwezi wa Julai, asubuhi ambapo umande umeganda juu ya nyasi za Njombe, huku kupitia kioo kidogo cha dirisha anaona mgongo wa mbwa uliokaa kwenye joto, hahitaji kuhubiriwa maana ya ukoloni. Hakuna sheria iliyoandikwa kwamba mbwa akae mbele na Mwafrika nyuma. Haikuhitajika sheria. Ilikuwa ni tabia, na tabia huumiza zaidi ya sheria, kwa sababu sheria waweza kuipinga mahakamani lakini tabia utaipeleka kwa hakimu gani?

Na jambo hili halikuwa la Tanganyika peke yake. Ukisikiliza watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi Kenya, Rhodesia na Afrika Kusini, utakuta kumbukumbu ni moja. Mwezi Desemba 2012, Rais wa Afrika Kusini wakati huo, Jacob Zuma, alisema katika hotuba huko KwaZulu-Natal kwamba kumnunua mbwa, kumtembeza na kumpeleka kwa daktari ni utamaduni wa Wazungu. Kelele zikawa nyingi, huyu akimcheka na yule akimtetea. Ndipo msemaji wake, Mac Maharaj, akatoa maelezo. Akataja mfano wa watu wanaokaa na mbwa wao mbele ya gari, huku mfanyakazi akiwa nyuma kwenye mvua kubwa au baridi kali. Ilikuwa imepita miaka 18 tangu uchaguzi wa 1994 uliomaliza utawala wa ubaguzi, lakini kidonda cha kiti cha mbele kilikuwa hakijafunga.

Ndugu msikilizaji, hapa yatupasa tuwe waangalifu, tusije tukamwonea asiyehusika. Mbwa hakuomba kiti. Hakuchagua bwana wala hakumchukia mpishi. Kwa kweli mara nyingi mpishi ndiye aliyemlisha, na mbwa alimpenda yeye kuliko bwana mwenyewe. Wala kumpenda mbwa si kosa. Mlowezi aliyeishi peke yake shambani, jirani yake akiwa mbali, alimhesabu mbwa kuwa mwenzake. Aliogopa mbwa asiruke kutoka karai la nyuma akavunjika miguu. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Swali ni dogo tu: mbona hakuogopa mtu asianguke?

Swali hilo ndilo mzigo wa mazungumzo ya leo. Kosa halikuwa kumfikiria mbwa. Kosa lilikuwa kumfikiria mbwa na kuishia hapo.

Basi tukapata uhuru mwaka 1961. Walowezi wengi wakafungasha mizigo. Mbwa wao walikuwa na tatizo lao, kwa kuwa Uingereza wakati ule, kwa kuogopa kichaa cha mbwa, ilimtaka kila mbwa atokaye ng'ambo afungiwe karantini miezi sita, na masharti hayo hayakuanza kulegezwa mpaka mwaka 2000. Si ajabu mwenye mbwa mzee akaona afadhali amwachie mpishi. Historia nayo ina mzaha wake: aliyekaa mbele na aliyekaa nyuma wakabaki wote kwa miguu, wakitazama gari likiondoka.

Je, wakati ule gari la spoti lilikuwa la kutembezea mbwa? Katika Afrika Mashariki gari la spoti lilipata maana yake kubwa kwenye mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Watu wa umri fulani bado wanakumbuka majina. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404, gari ambalo baadaye lilibeba abiria na viazi nchi nzima. Kisha likaja gari la spoti lenyewe, Datsun 240Z, chini limeinama, pua ndefu, milango miwili. Edgar Herrmann alishinda nalo 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo 1973. Vijana wa vijijini walikimbilia barabarani kulitazama, na mama zao waliwafungia mbwa nyumbani wasigongwe.

Katika gari lile la mashindano kulikuwa na viti viwili. Kimoja cha dereva, cha pili cha msoma njia, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu maili na dakika, kutaja kona kabla haijafika, na kushuka kusukuma gari likizama. Hakuna aliyekaa kiti kile kwa sababu ya rangi au kwa sababu ya kupendwa. Alikikaa kwa kazi. Hapo tunarudi kwa yule saluki juu ya ngamia. Kiti kikigawanywa kwa kazi na kwa haja, hakimuudhi mtu.

Ndiyo maana hatuoni ubaya askari wa kikosi cha mbwa anapopita mjini na mbwa wake garini. Wala hatunung'uniki juu ya mbwa wanaofunzwa kunusa pembe za ndovu. Kazi hiyo imeshamiri Afrika Mashariki tangu mwaka 2014, baadhi ya mbwa wakifunzwa huko Usa River mkoani Arusha kabla ya kupelekwa bandarini na viwanja vya ndege. Mbwa wa namna hiyo akisafiri kwenye gari lenye ubaridi mzuri, mlipa kodi hana neno. Pua yake ikichoka kwa joto, pembe zinapita.

Lakini je, sisi wenyewe tumekwisha kuusahihisha mpangilio wa viti? Hapa msikilizaji asikunje uso. Wakoloni waliondoka, na mahali pao kwenye kiti cha mbele pakakaliwa. Watu wakawaita wakaliaji hao Wabenzi, kwa jina la gari lao. Pita leo barabara za Njombe wakati wa mavuno ya viazi, au wakati wa kusomba mbao. Utaona lori limejaa mpaka juu, na juu ya magunia wamelala vibarua, wamejifunika turubai, upepo unawapiga, lori likikata kona mtu anashika kamba kwa meno. Ndani, mbele, kuna kiti ambacho kimewekewa kikapu cha mayai au mkoba wa tajiri. Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973. Kibarua yule akianguka, tutamlaumu mlowezi gani?

Tena ukienda mbali zaidi ya Njombe, upande wa Ludewa, barabara imebadilika. Sehemu ya Lusitu hadi Mawengi imejengwa kwa zege, jambo ambalo mzee aliyepita njia hizo kwa tope la magotini asingelisadiki. Hata gari lenye tumbo la chini sasa laweza kupita mahali lilipokuwa lazima kulitafutia Land Rover. Kwa hiyo vijana wetu waliopata mali mijini wanakuja nyumbani Krismasi na magari madogo ya fahari, na wengine wanakuja na mbwa: mbwa mwenye nywele ndefu, mbwa mwenye pua iliyobonyea, mbwa mwenye jina la Kizungu na kitanda chake. Je, tuwacheke? Tuwakataze?

Hapana. Mtu na mali yake, na mbwa wake. Lakini anayesafiri na mbwa ana wajibu, na wajibu wa kwanza ni wa afya za watu wa kule anakokwenda.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa safari. Chenyewe hakina miguu. Husafiri na mbwa, na mbwa husafiri na mtu. Nyanda zetu za Juu Kusini zina historia katika jambo hili, kwa kuwa wataalamu wa mifugo wanazitaja kati ya sehemu za nchi zilizokumbwa na ugonjwa huo katika miaka ya 1950, nao ukapanda kuelekea kaskazini katika miaka iliyofuata. Mfano wa karibu zaidi ni kisiwa cha Pemba. Huko mbwa walichanjwa kwa bidii, na ilipofika mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha kisiwani. Kisiwa kimezungukwa na bahari. Ungedhani kimepona moja kwa moja. Mwaka 2016 kichaa kikarudi. Kilirudi vipi? Hakikuogelea. Watafiti waliochunguza vimelea vyenyewe walionyesha kuwa viliingizwa kutoka nje ya kisiwa, yaani mbwa mgonjwa aliletwa na binadamu kwenye chombo. Ikabidi kazi ya chanjo ianze upya, mpaka ugonjwa ulipomalizwa tena mwaka 2018. Abiria asiyechanjwa alifuta kazi ya miaka.

Na tusifanye mchezo na ugonjwa huu. Ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Karibu wagonjwa wote duniani, 99 katika kila 100, huupata kwa mbwa, na watoto wa vijijini ni wengi miongoni mwao. Dawa ya kuuzuia ipo tangu Julai 1885, pale chanjo ya Louis Pasteur ilipotumika kwa kijana Joseph Meister mjini Paris, naye akapona. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha akimbilie hospitali apate chanjo, asingoje dalili. Lakini chanjo ya binadamu ni ghali kwa mkulima, na mara nyingi iko mbali na kijiji. Chanjo ya mbwa ni rahisi zaidi. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa kitokanacho na mbwa.

Kwa hiyo, bwana mwenye gari la spoti, kabla hujawasha mtambo kwenda Mlangali kusalimia wazazi, cheti cha chanjo ya mbwa wako kiwe pamoja na leseni yako. Wewe nawe unayefunga mtoto wa mbwa kwenye tenga nyuma ya pikipiki, umempata Makambako unampeleka kijijini, neno hili ni lako pia. Mtoto wa mbwa anayetoka kwenye tenga na mbwa anayetoka kwenye kiti cha ngozi, mbele ya kichaa wote ni sawa.

Wajibu wa pili ni kwa mbwa mwenyewe. Tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na pasipo sheria kuna utu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani ni tanuri. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ambazo kwa Dar es Salaam ni kama baridi, ndani ya dakika 10 gari hufika nyuzi 34, na baada ya nusu saa 43. Mwenye gari anasema "naingia dukani mara moja", akitoka anakuta mzoga. Katika gari lisilo na paa hatari ni nyingine: vumbi na mawe madogo machoni, jua la mchana kutwa, na breki ya ghafla inayomrusha mbwa juu ya kioo. Afungwe mkanda wa kifuani uliotengenezwa kwa ajili hiyo, asifungwe shingoni. Apewe maji, ashushwe njiani anyooshe miguu. Yule daktari wa mwaka 1903 alikumbuka miwani. Wa leo ashindwe na kibakuli cha maji?

Wajibu wa tatu ndio wa kwanza kwa uzito, nao ni kwa binadamu mwenzako. Ukiwa na gari la viti viwili na umempa mbwa kimoja, ukamkuta njiani mama mjamzito, au mzee anayekwenda zahanati, usimpite ukipiga honi. Mbwa anaweza kukaa miguuni. Ukiwa na pikapu na kibarua wako yuko nyuma kwenye mvua, kiti cha mbele hakipaswi kuwa na mbwa, wala kikapu, wala kabrasha. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Naye mtu havunjiki moyo akiona mahali pake panatambuliwa.

Watoto wetu wanaocheka wakimwona mbwa kwenye kiti cha mbele, na wacheke. Kicheko chao ni dalili njema. Maana yake hawakuwahi kulipia kiti kile kwa baridi ya migongo yao. Ila tuwasimulie kwa nini babu hakucheka. Tuwaambie kwamba palikuwa na wakati ambapo katika nchi hii kiti kilikuwa wazi na mtu hakuitwa.

Kisha tuwaulize wao, watakapopata magari yao, pikapu zao na malori yao: nyuma yako kuna nani, na je, ulimwita mbele?

Kwa leo tuishie hapo. Tukutane juma lijalo.